Uzi maalumu: Kuhama kampuni ya intaneti ya nyumbani (Uingereza) bila kukatikiwa wala kupoteza namba ya mezani

Karani wa Mtaa (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum. Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Uzi huu ni kwa Waswahili tulioko Uingereza, hasa wenye wazazi ambao simu ya mezani bado ndiyo simu yao ya kweli. Mtaani kwetu huwa nawasaidia watu kusoma barua na kujaza fomu, na siku hizi barua za kampuni za intaneti zinakaribia kuzishinda za halmashauri. Mkataba umeisha, bili imepanda, mwenye nyumba anataka kuhama, ila anaogopa mambo mawili: kukaa wiki nzima bila intaneti huku watoto wana kazi za shule, na kupotelewa na namba ambayo ndugu wa Wete, Tanga na Maskati wanaijua kwa kichwa.

Yote mawili yanaepukika. Nianze na lile kubwa kabisa, ili hata atakayeishia hapa aondoke nalo: USIPIGE SIMU KUKATISHA HUDUMA YA ZAMANI. Nenda kwa kampuni mpya, wao ndio waivute intaneti na namba. Namba ya mezani huhamishwa ikiwa hai. Ukiikata laini kwanza, umeanza kuishi kwa kubembeleza, na kuna namba zilizokwenda hivyo zisirudi tena.

Kwa nini watu bado wanapiga simu kukata? Kwa sababu zamani ilibidi. Kampuni zinazotumia mtandao wa Openreach (wenye nyaya za simu za karibu nchi nzima) zilikuwa zikihamishana wateja bila shida, lakini ukitaka kutoka Virgin Media, ambayo ina nyaya zake, au kwenda kwa hizi kampuni mpya za faiba zenye mtandao wao, ulikuwa unapiga simu pande zote mbili na kupanga tarehe mwenyewe. Upande wa zamani unakuhesabia siku za notisi, upande mpya umeshaanza kukutoza. Watu wamelipia nyumba moja mara mbili sana.

Tangu 12 Septemba 2024 mambo ni tofauti. Kuna utaratibu unaoitwa One Touch Switch, umeamriwa na Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, na unazihusu kampuni zote za intaneti na simu za majumbani, ziwe na mtandao gani. Ulikuwa uanze Aprili 2023, kampuni zikachelewa kujipanga. Unaongea na kampuni mpya peke yake. Unawapa jina, anwani, kampuni uliyonayo sasa, na kama unaitaka namba yako ya mezani unawatajia hapo hapo. Mifumo yao inaulizana. Kisha kampuni ya zamani inakutumia taarifa, kwa barua pepe, meseji au posta, inayosema utadaiwa nini ukiondoka na huduma zipi nyingine zitaguswa. Ukiridhika, unaiambia kampuni mpya iendelee. Hakuna simu ya kuaga, wala huwezi kutozwa notisi inayopita siku ya kuhama.

Ile taarifa isomeni, jamani. Wengi wanaiona kama tangazo, wanaifuta. Ndimo mlimo na kiasi cha kuvunja mkataba, na hapo ndipo pa kusimama kama hesabu haikai. Kama mkataba wa mwanzo umeshaisha, hakuna cha kuvunja, unatoka bure. Kampuni inatakiwa ikuandikie kati ya siku 10 na 40 kabla ya mkataba kuisha. Sheria hiyo ipo tangu Februari 2020. Barua ya namna hiyo ikifika kwa bi mkubwa, usiiache juu ya friji.

Sasa lile linalotukwamisha sisi kuliko wengine: MAJINA. Mifumo hulinganisha jina la ukoo na anwani. Sisi majina yetu yameandikwa na makarani wa kila nchi tuliyopitia. Kwenye pasi ni Abdulrahman, kwenye bili ni Abdurahman, kwenye benki jina la babu limekuwa ndilo la ukoo. Kampuni mpya inatuma ombi, ya zamani inajibu "hatumjui mtu huyu". Dawa yake ni bili. Ichukue bili ya mwisho, soma jina kama lilivyoandikwa pale, hata kama limekosewa, na ulitaje hivyo hivyo herufi kwa herufi. Namba ya akaunti iwe karibu, maana ombi likigoma mara ya kwanza ndiyo inayolinyoosha. Na anwani vile vile: kama bili inasema Flat 2 na wewe unasema 14B, ni nyumba ile ile kwako tu.

Jambo la pili linaloumiza watu: utaratibu huu ni wa intaneti na simu ya mezani tu. Kama kifurushi chako kina televisheni ya kulipia au laini ya mkononi, hivyo havihami wala havifungwi vyenyewe. Utaendelea kukatwa benki kila mwezi kwa chaneli ambazo huna hata kisimbuzi chake. Hivyo, na hivyo tu, ndivyo vya kupigia simu mwenyewe, tena BAADA ya intaneti na namba kuwa zimeshakaa upande mpya.

Karibuni tuchangie. Mwenye kesi aiweke hapa, ila jina la kampuni iliyokuudhi liache pembeni, tuzungumzie njia.

---

BintiPwani

Wa aleikum salaam. Umenifungulia uzi wangu mimi huu. Mama yuko Leicester, laini ya nyumba iko kwa jina la marehemu baba mpaka leo, na bili inalipwa kutoka benki ya mama. Intaneti inakatikakatika, tunataka kumwekea faiba ya kampuni nyingine. Namba lazima ibaki. Dada zake wote Pemba na Oman wanampigia hiyo, na mama mwenyewe simu ya mkononi haigusi. Tunaanzia wapi?

---

Karani wa Mtaa

Poleni na baba, Mungu amrehemu.

Hapo usianze na kampuni mpya. Ombi likienda kwa jina la mama litakataliwa, na likienda kwa jina la baba mkataba mpya utakuwa wa mtu aliyefariki. Piga kampuni ya sasa, omba kitengo cha wateja waliofiwa, karibu kampuni zote kubwa wanacho. Waambie maneno mawili kwa uwazi: jina la akaunti libadilike liwe la mama, na laini pamoja na namba vibaki vilivyo. Usikubali mtu akwambie "tufunge hii, tumfungulie mama nyingine". Hapo ndipo namba inapokwenda. Uliza pia kama kubadilisha jina kunaanzisha mkataba mpya, ukijibiwa ndiyo, kataa na uombe msimamizi. Omba wakuthibitishie kwa maandishi.

Ikitoka bili yenye jina la mama, hiyo ndiyo unayokwenda nayo kampuni mpya.

---

Fundi Nyaya

Salaam wakuu. Mimi kazi yangu ni hii ya kuingiza faiba majumbani, niongeze upande wa waya, kwa sababu "bila kukatikiwa" inategemea nyumba yako inatoka wapi kwenda wapi.

Ukitoka waya wa shaba wa Openreach kwenda kampuni nyingine kwenye shaba ile ile, waya ni mmoja. Siku ya kuhama kuna kukatika kidogo, mara nyingi ni dakika tu, kisha unachomeka ruta mpya. Hapo huwezi kuwa na huduma mbili kwa wakati mmoja.

Ukitoka shaba kwenda faiba, fundi anakuja na waya mpya kabisa, anatoboa ukuta, anafunga kisanduku cheupe ndani. Shaba inaendelea kufanya kazi mpaka faiba iwashwe. Hivyo fundi akishindwa siku hiyo, labda bomba la chini ya barabara limeziba (hutokea sana), hujapoteza kitu. Lakini mwambie mzee wa nyumbani asichomoe ruta ya zamani kwa sababu tu ameona fundi amefika. Ichomolewe pale ambapo ruta mpya imewaka na mmejaribu kufungua kitu.

Ukitoka Virgin Media kwenda mtandao wa Openreach au CityFibre, au kinyume chake, ni nyaya mbili tofauti. Hapo ndipo penye raha. Kama kazi yako ni ya nyumbani na huwezi kukosa intaneti hata saa moja, omba mpya iwashwe siku kadhaa kabla ya ya zamani kufungwa. Utalipia pande zote kwa siku hizo, ila unalala usingizi.

Na ukitoka faiba kwenda faiba ya kampuni nyingine kwenye mtandao ule ule, kisanduku cha ukutani hubaki. Unabadilisha ruta. Msikubali kutobolewa ukuta mara ya pili bila sababu.

---

Mkaa Coventry

Mimi napingana kidogo na mwanzisha uzi. Kila mkataba ukikaribia kuisha nawapigia mwenyewe nawaambia nakata. Wananihamishia kwa watu wa kubembeleza, bei inashuka hapo hapo. Mkiwaambia watu wasipige simu mnawanyima punguzo.

---

Karani wa Mtaa

Mkuu, kupiga simu kuomba bei sijakataza, nakupongeza. Ninachokataza ni kutoa amri ya kukata. Kuna tofauti kati ya "mkataba wangu unaisha, nimeona bei nzuri kwingine, mnanipa nini?" na "nikatieni". La kwanza ni majadiliano. La pili likishaingia kwenye kompyuta kuna tarehe ya kufunga, na tarehe hiyo haijui kwamba ulikuwa unatikisa kiberiti.

Kuna mzee hapa mtaani mwanawe alisema la pili akitegemea kubembelezwa. Aliyepokea simu akasema sawa, akaandika. Laini ikafungwa na namba ikaenda nayo kabla familia haijachagua kampuni mpya. Mzee alikuwa na miadi ya hospitali, na hospitali ilikuwa na namba hiyo moja tu.

Kwa hiyo piga, omba bei, na ukiwa hujaridhika sema asante na ukate simu. Kuhama kutafanywa na kampuni mpya.

---

Nai_Eastlands

Wasee wa ng'ambo mna mambo. Huku Nairobi faiba ya nyumbani wengi wetu tunalipa kabla, mwezi kwa mwezi. Ukichoka na kampuni unaleta ingine, unaziendesha zote mbili mwezi mmoja, halafu ile mbaya unaacha tu kulipia. Namba ya mezani nani anayo? Namba zetu ni za mkononi, na hizo kuhama na namba yako imewezekana tangu 2011.

---

Ukonga_Moja

Hata Bongo ni hivyo hivyo, kuhama na namba ya mkononi kulianza 1 Machi 2017. Na cha kuvutia, kanuni ni ile ile ya Karani: unakwenda kwa mtandao unaohamia, unatuma neno HAMA kwenda 15080, na wa zamani anaachwa aarifiwe na mfumo. Huendi kumwomba ruhusa unayemkimbia.

---

Karani wa Mtaa

Ahsanteni wa nyumbani. Ukonga umeligusa lenyewe. Utaratibu wowote uliopangwa vizuri humweka mbele anayekupokea, kwa sababu ndiye mwenye haja ya kazi ikamilike. Anayekupoteza hana haraka.

---

Dada wa Reading

Swali la haraka. Mimi niliambiwa niombe PAC kwa kutuma meseji 65075. Hiyo si ndiyo ya kuhamisha namba?

---

Fundi Nyaya

Hiyo ni ya simu ya MKONONI, dada. Tangu Julai 2019 unatuma PAC kwenda 65075, unapewa msimbo wa kuhamia unaodumu siku 30, unaupeleka mtandao mpya. Simu ya mezani haina msimbo wa namna hiyo. Namba ya mezani unaitaja kwa kampuni mpya wakati wa kuagiza, basi. Ukiwa unaagiza kwenye tovuti, tafuta swali la "unataka kubaki na namba yako?" na usiliruke. Kuna kurasa ambazo jibu lililowekwa tayari ni kupewa namba mpya, na ukibonyeza endelea tu, umekubali. Ukipata uthibitisho wa oda, angalia namba yako imeandikwa humo. Kama haimo, piga simu siku hiyo hiyo kabla tarehe haijafika.

---

Mzee Tangawizi

Vijana hamjambo. Mimi nimeandikiwa barua kwamba simu yangu sasa itachomekwa kwenye ruta badala ya ukutani. Sijahama kokote. Hii imekaaje?

---

Fundi Nyaya

Shikamoo mzee. Si kwako peke yako. Mtandao wa zamani wa simu za shaba Uingereza unazimwa, tarehe iliyowekwa ni 31 Januari 2027. Ilikuwa iwe mwisho wa 2025, ikasogezwa, na sababu kubwa ilikuwa usalama wa wazee wenye vifaa vya dharura. Kwa hiyo kila mtu, ahame asihame, simu ya mezani itapita kwenye intaneti.

Kwa vitendo ina maana hii. Nyuma ya ruta kuna tundu la simu, mara nyingi limefunikwa na kibandiko. Simu yako ya siku zote inachomekwa pale, na namba ni ile ile. Lakini soketi nyingine za nyumba, ile ya chumbani na ya juu, zinaweza kunyamaza. Rahisi ni kununua simu zisizo na waya zinazokuja mbili au tatu: kituo kimoja kinakaa kwenye ruta, nyingine zinahitaji umeme tu popote zilipo. Na kwa baadhi ya kampuni, hata jirani wa mji ule ule sasa utampigia ukianza na namba za mwanzo za eneo.

Kubwa zaidi ni umeme. Simu ya zamani ilikuwa inapata umeme kutoka kwenye waya wake, ndiyo maana ilifanya kazi hata taa zikizimika. Hii mpya, umeme ukikatika, ruta imezima na simu imezima. Kama nyumbani mtandao wa simu za mkononi haushiki, au mtu anategemea simu ya mezani peke yake, kampuni inawajibika kukupa njia ya kuita 999 (namba ya dharura) umeme ukiwa haupo, angalau kwa saa 1. Kwa kawaida ni betri ndogo ya kuchomeka ruta. Iombe wakati wa kuagiza, usisubiri wakuulize.

---

Mzee Tangawizi

Marahaba. Na hiki kidude cha shingoni cha kubonyeza nikianguka?

---

Karani wa Mtaa

Mzee, hicho ndicho cha kushughulikiwa KABLA ya jambo lingine lolote. Vifaa vingi vya zamani vya namna hiyo vilitengenezwa kwa laini za shaba, na vingine havifanyi kazi vizuri vikiwekwa kwenye ruta. Mwite mtu wa nyumbani apige simu kwa waliokupa kifaa (halmashauri au kampuni yake) aulize kama kinakubali laini ya kidijitali. Wakisema hakikubali, walete kingine kwanza, ndipo laini ibadilishwe. Na kampuni ya simu waambieni wazi kwamba nyumba ina kifaa hicho, iandikwe kwenye akaunti. Baada ya kubadilisha, kibonyezeni kwa makusudi, mpaka sauti ya mtu ijibu. Mtu asiondoke nyumbani kwako siku hiyo kabla hajaisikia sauti hiyo.

Nawasihi watoto wenye wazazi: hili lisiachwe kwa fundi wa intaneti. Kazi yake yeye ni taa ya ruta iwake.

---

Kijana_MK

Mimi nataka kuhamia kampuni ndogo ya faiba, bei yao iko chini sana, lakini hawana huduma ya simu kabisa. Intaneti tupu. Namba ya mezani naitaka. Ndiyo basi?

---

Fundi Nyaya

Siyo basi, ila hapa mpangilio ndio kila kitu, na usiufanye kwa haraka.

Namba inaweza kwenda kwa kampuni ya tatu inayotoa simu ya intaneti peke yake. Wapo wengi, baadhi wanatoza pauni chache tu kwa mwezi. Utanunua adapta ndogo, simu yako ya kawaida inachomekwa humo, au unaweka programu kwenye simu ya mkononi na namba ya mezani inalia mfukoni.

Hatari iko hapa: kwenye laini nyingi za zamani, namba na intaneti ni kitu kimoja. Ukiivuta namba kwanza, laini yote inafungwa na intaneti inakwenda nayo. Na ukiwaambia kampuni ya faiba wakuhamishe kwa One Touch Switch bila namba kutajwa, laini ya zamani inafungwa na namba inabaki yatima.

Kwa hiyo, agiza faiba kama huduma mpya, waambie wasiguse ya zamani kwa sasa. Ikiwaka na ukaridhika nayo, ndipo uiambie kampuni ya simu ivute namba. Namba ikiondoka, na ukijipigia kutoka simu nyingine ikalia upande mpya, hapo sasa hakikisha na kampuni ya zamani kwamba akaunti imefungwa na hakuna kinachoendelea kukatwa. Utalipia pande zote kwa muda fulani. Ndiyo bei ya kubaki na namba ukienda kwa kampuni isiyo na simu, na kwangu inafaa kulipwa. Kama mkataba wa zamani bado una miezi mingi, piga hesabu ya kuuvunja kwanza.

---

Mkaa Coventry

Haya, nimekubali kuhusu kukata. Sasa na wakivuruga wao? Maana sote tunajua watavuruga.

---

Karani wa Mtaa

Kuna fidia, na watu wetu hawaidai. Ukiachwa bila huduma zaidi ya siku 1 ya kazi kwa sababu ya kuhama, kanuni za Ofcom zinasema kampuni ikufidie. Mbali na hiyo kuna mpango wa fidia ya moja kwa moja ulioanza 1 Aprili 2019, ambao kampuni nyingi kubwa zimejiunga kwa hiari. Ulianza na £8 kwa kila siku ambayo huduma iliyokufa haijatengenezwa baada ya siku 2 kamili za kazi, £25 kwa fundi asiyetokea au aliyeahirisha bila kukupa saa 24, na £5 kwa kila siku ambayo huduma mpya inachelewa kuwashwa kupita tarehe waliyoahidi. Viwango hupanda kila Aprili, kwa hiyo sasa viko juu ya hapo. Unatakiwa uone punguzo kwenye bili bila kuomba. Usipoliona, omba. Kwa kampuni ndogo, uliza kabla ya kusaini kama wamo kwenye mpango huo.

Andika kila kitu: tarehe, jina la uliyeongea naye, alichoahidi. Mkishindwana, dai barua ya kusema mmefika mwisho, na upeleke shauri kwa msuluhishi. Kampuni lazima iwe chini ya Communications Ombudsman au CISAS, na kwako wewe ni bure.

Halafu kuna siku 14 za kubadili mawazo baada ya kusaini mkataba mpya. Ukighairi kabla ya siku ya kuhama, kampuni mpya inasimamisha ombi na wewe unabaki ulipokuwa. Ghairi kwao, si kwa wa zamani.

---

Dada wa Reading

Niongeze moja ambalo halijatajwa: barua pepe. Kama anwani yako ya barua pepe ulipewa na kampuni ya intaneti, ukihama inaweza kufungwa au kuanza kulipiwa. Mume wangu alikuwa ameitumia kwenye benki na kwenye akaunti ya viza za wazee. Tulikaa jioni nzima kubadilisha moja moja kabla hatujaagiza kuhama. Fungueni ya bure isiyo ya kampuni yoyote ya nyaya, muwe huru.

---

Karani wa Mtaa

Dada umenena. Hili la viza litawauma wengi, maana majibu ya maombi yanakuja huko huko kwenye barua pepe.

Na wanaopokea Universal Credit au Pension Credit (misaada ya serikali kwa wenye kipato kidogo), kabla ya kutafuta kampuni ulizeni kifurushi cha bei ya ustawi wa jamii. Kampuni nyingi wanacho, bei iko chini sana kuliko kawaida, na mara nyingi unaruhusiwa kuhamia humo ukiwa ndani ya kampuni ile ile bila kulipia kuvunja mkataba. Nimeona familia inahangaika kuhama kumbe kampuni yao wenyewe walikuwa nacho, hawakuambiwa.

---

BintiPwani

Wapendwa, narudi na mrejesho. Jina lilibadilishwa, tukasubiri bili yenye jina la mama, ndipo tukaagiza faiba. Ombi la kwanza liligoma! Bili ilikuwa imeandika jina la ukoo na herufi moja pungufu. Nikafanya kama Karani alivyosema, nikalitaja kwa makosa yake pamoja na namba ya akaunti, likapita palepale. Taarifa ya kampuni ya zamani ikaja kwa meseji: hakuna deni la kuvunja, ila televisheni haimo, niifunge mwenyewe.

Fundi alikuja asubuhi, faiba ikawaka kabla ya adhuhuri. Simu ikawa kimya, mama akaanza kulalamika kwamba tumemfungia nyumba. Jioni namba ikahamia, na wa kwanza kupiga alikuwa mamdogo kutoka Maskati, hana hata habari kwamba kuna kilichobadilika. Betri tumeomba, wameiahidi kwa posta.

Nimebaki na ruta ya zamani na kisimbuzi. Nivitupe?

---

Karani wa Mtaa

Alhamdulillah! Hongera sana, na kwa wengine: intaneti na namba kupishana kwa saa kadhaa siku ya kuhama ni kawaida, msiingiwe na hofu mkaanza kupiga simu za kukata.

Usitupe kitu. Kampuni nyingi ruta ni mali yao, wasipoipata watakutoza. Watakutumia mfuko au lebo ya kurudishia. Piga picha namba iliyo chini ya ruta, peleka posta, omba risiti yenye namba ya kufuatilia na uitunze mpaka bili ya mwisho ije na iwe sawa. Televisheni ifunge sasa hivi, leo, na uombe uthibitisho wa maandishi. Makato ya benki usiyasimamishe kabla bili ya mwisho haijatoka, vinginevyo watamhesabu mama ni mdaiwa. Ikishatoka na kulipwa, yafute.

Na betri ikifika, ijaribu: chomoa ruta kwenye umeme wa ukutani, iache kwenye betri, kisha mama akupigie.